TETEMEKO LA ARDHI: KIUACHO NI NYUMBA

Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitetemeka kwa nguvu katika bonde la Subukia, kaskazini ya Nakuru. Wataalamu walilipa tetemeko hilo kipimo cha 6.9, nalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Kenya. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja wa ufa ulishuka zaidi ya mita 2.

Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, tetemeko jingine lilipiga karibu na Bukoba, katika Tanzania. Kipimo chake kilikuwa 5.9 tu. Yafaa kujua kwamba kipimo kikipungua kwa moja, nguvu hupungua kama mara 32. Hata hivyo zaidi ya watu 15 walikufa, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya.

Kwa nini dogo lilidhuru watu wengi hivyo? Subukia ya 1928 ilikuwa na watu wachache. Bukoba ilikuwa na watu wengi, na wengi wao walikaa katika nyumba za udongo au za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Ardhi ikitikisika yenyewe haimwui mtu ila kwa nadra. Kimwuacho ni ukuta umwangukiao.

Zamani watu wa pwani walisimulia kwamba dunia yabebwa juu ya pembe ya ng'ombe, naye akijitikisa ndipo ardhi itikisikapo. Sasa twajua kwamba katika Bonde la Ufa nchi yavutwa pande mbili polepole, milimita chache kwa mwaka. Miamba hupindika kama upinde, na siku ishindwapo kuvumilia hukatika ghafula.

Waliopatwa husimulia kwamba kwanza husikia ngurumo kama ya lori zito likipita. Kisha vyombo vyagongana, taa yayumba, na aliyesimama aona miguu haimtii. Mara nyingi mambo hayo hayafiki dakika moja, basi hakuna nafasi ya kushauriana.

Ukiwa ndani, jikunyate chini ya meza imara, ushike mguu wake, na ujikinge kichwa. Jitenge na madirisha na makabati. Ukiwa nje, kaa mahali peupe, mbali na kuta, miti na nyaya za umeme. Likiisha, zima moto wa jikoni, wala usirudi katika nyumba iliyopasuka, kwa maana mitetemeko midogo hufuata na kuangusha kilichobaki. Ndiyo sababu watu wengi wa Bukoba walilala nje siku zile.

Lakini kinga iliyo bora huanza siku ya kujenga. Mwambie fundi wako aunganishe pembe za kuta vizuri, azungushe mkanda wa saruji na nondo juu ya kuta zote, na aezeke paa jepesi. Gharama huongezeka kidogo, lakini wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukuta hujengwa tena. Aliyelala chini yake harudi.