Kaktasi zangu zilikufa kwa sababu ya posti yangu mwenyewe

Leo siji na mbinu ya kupata wateja. Nakuja kukusimulia nilivyowapoteza, ili wewe usipite njia hiyo.

Mimi nauza mimea ya ndani kwa njia ya simu, niko Tegeta, Dar es Salaam. Mwaka jana nilipata mmea mmoja mzuri sana. Matawi yake ni membamba kama tambi, yananing'inia kutoka kwenye kopo, na hayana miiba ya kuchoma. Jina lake la kitaalamu ni Rhipsalis. Mimi nikaandika hivi: "Kaktasi ya kuning'iniza. Haitaki maji mengi, haina usumbufu. 15,000 tu." Makopo 20 yakaisha ndani ya wiki tatu. Nikajua nimetoboa.

Mwezi wa pili picha zikaanza kuingia. Mteja wa Dodoma, matawi yamesinyaa na kuwa mekundu. Alikuwa ameuweka barazani linapopiga jua la saa saba, anamwagilia mara moja kwa mwezi. Mteja wa Sinza yeye aliuhamishia kwenye chungu kizuri kisicho na tundu, akajaza udongo wa mfinyanzi. Ukaoza kuanzia chini.

Kisha akapiga simu mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole. Halafu akaniambia, "Mwanangu, nimefuata ulichoandika neno kwa neno. Sasa nieleze, nimekosea wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakukosea yeye, nilikosea mimi.

Wateja 9 niliwarudishia hela yao, jumla 135,000. Faida yangu kwa kila kopo ilikuwa 6,000, kwa hiyo makopo yote 20 yalinipa 120,000. Hesabu mwenyewe.

Ndipo nikakaa chini kuusoma mmea niliokuwa nauza. Kumbe kaktasi siyo zote za jangwani! Zipo zinazoishi kwenye misitu ya mvua, juu ya matawi ya miti mikubwa. Hazinyonyi mti kama vimelea, zinaushikilia tu. Mizizi yake inakaa kwenye majani yaliyooza na kuvumwani kidogo, inapata mvua mara kwa mara, lakini maji yanachuruzika na hewa inapita. Jua linafika likiwa limechujwa na majani ya juu.

Na hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Karibu kaktasi zote asili yake ni bara la Amerika. Ni aina moja tu inayoota kiasili nje ya huko, nayo ni Rhipsalis baccifera. Ipo kwenye misitu ya Afrika ya kitropiki, Tanzania ikiwemo, na pia Madagaska na Sri Lanka. Mimi nauza mmea wenye ndugu zake kwenye misitu yetu, halafu namwambia mteja auweke kama uko jangwani!

Sasa hivi kila kopo linatoka na kikaratasi hiki:

1. Mwanga. Weka karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha, au kwenye baraza yenye kivuli. Jua la asubuhi halina neno. Jua kali la mchana linaunguza, na matawi yakianza kuwa mekundu, sogeza.

2. Udongo. Usitumie udongo mzito wa shambani peke yake. Mimi nachanganya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, mboji na vipande vidogo vya mkaa. Makumbi nayaloweka kwanza na kumwaga maji mara kadhaa ili chumvi itoke. Kopo lazima liwe na matundu chini.

3. Maji. Usihesabu siku, tumia kidole. Juu pakikauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Usiache kopo likae kwenye sahani yenye maji. Sehemu kavu kama Dodoma, punyizia matawi asubuhi.

4. Chakula. Mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi mmea unapokua. Ikizidi inaumiza mizizi.

5. Kuzidisha. Kata tawi lenye afya, liache kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda kikauke, kisha lichomeke kwenye mchanganyiko ulio na unyevu kidogo. Baada ya wiki kadhaa livute taratibu, likigoma ujue limeshika mizizi.

Hiyo namba 5 ndiyo iliyonirudishia mtaji. Kopo moja mama linanipa vipandikizi vingi, sinunui tena miche kwa jumla. Ila ndugu yangu, usiende kuung'oa msituni kwa sababu nimesema upo. Tunauza tulichopanda. Na kama mteja yuko nje ya nchi, usikimbilie kumpa kondakta wa basi. Familia ya kaktasi, isipokuwa aina chache, iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuvusha mpaka kunahitaji vibali. Ulizia kwanza kabla hujapokea hela.

Kitu kingine nilichobadilisha ni mazungumzo. Zamani mteja akiuliza bei, nilimtumia namba ya kulipia hapohapo. Sasa nauliza kwanza, "Dada, utauweka wapi?" Juzi mmoja akanijibu ni juu ya paa, jua kutwa nzima. Nikamwambia huu hautakufaa, nikampa mshubiri wa 8,000. Nimekosa 7,000 siku hiyo, lakini wiki iliyofuata ameniletea dada yake.

Na yule mwalimu? Nilimpelekea kopo jipya mwenyewe, bila malipo, na kikaratasi chake. Miezi ikapita kimya. Wiki iliyopita kanitumia picha, matawi yamejaa vimaua vidogo vyeupe. Chini kaandika, "Sasa ndiyo umeniuzia."

Kwa hiyo kabla hujaposti bidhaa leo, jiulize: mteja akifuata maelezo yako neno kwa neno, itadumu au itaharibika? Wewe unauza nini, na ni swali gani unamuuliza mteja kabla hajalipa? Tuambie hapo chini, tujifunze wote.