Bibi siyo sheli!

Krismasi iliyopita nyumbani kwetu Mungaa yaliingia mashangingi mawili. Mjomba alikuja na V8 ya dizeli. Baba mdogo, mkazi wa Dodoma, akaja na Audi e-tron ya umeme, toleo lililozinduliwa 2018. Halingurumi, watoto walidhani linasukumwa!

Mjomba akatamba: yeye akiishiwa hukimbilia Singida mjini, dakika chache tangi limejaa. Baba mdogo akajibu kwamba dizeli ni kutupa mshiko. Jioni akachomeka waya kwenye soketi ya Bibi.

Kha! Betri ile hubeba kama yuniti 95, na soketi ya nyumbani huijaza kwa zaidi ya saa 30. Bibi yuko kwenye kundi la nafuu, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Kabla jogoo hajawika, LUKU imekata, barafu zake za kuuza zimeyeyuka. Bibi kanuna!

Eti Baba mdogo anasubiri toleo lenye betri kubwa zaidi. Mtu wangu, hilo lilizinduliwa 2022, na Februari 2025 kiwanda chake cha Brussels kikafungwa!

Ushauri wangu: ukija kijijini na la umeme, mnunulie kwanza mwenyeji yuniti. Bibi siyo sheli.