Afya: Gripe si ugonjwa wa kudharau, funzo kutoka Panzi

Mwishoni mwa mwaka 2024, eneo la afya la Panzi lilizungumziwa ulimwenguni kote. Si Panzi ya Bukavu, bali ile ya jimbo la Kwango, kusini magharibi mwa Kongo. Kuanzia tarehe 24 mwezi wa kumi, wakaaji wa huko walipatwa na homa, kikohozi, kuumwa kichwa na shida ya kupumua. Watu wakauita ugonjwa usiojulikana. Kufikia tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu wagonjwa 891 na vifo 48. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Vipimo vya maabara havikuonyesha ugonjwa mpya. Vilionyesha malaria pamoja na virusi vya kawaida vya njia ya kupumua, vya gripe vikiwemo, katika miili iliyokwisha kudhoofishwa na njaa. Kila kimoja kinajulikana katika kila kijiji cha Kongo. Vilipokutana, viliua.

Chanjo ya gripe ipo. Inatengenezwa upya kila mwaka kwa sababu virusi hivyo vinabadilika, na mwili unahitaji wiki mbili hivi ili kupata kinga. OMS inashauri ipewe kwanza wanawake wenye mimba, wazee, wauguzi, watoto wadogo na wenye magonjwa ya kudumu kama kisukari au moyo. Lakini nchini Kongo haimo katika chanjo za bure ambazo watoto wanapewa kwenye vituo vya afya. Mwenye ugonjwa wa kudumu anaweza kumuuliza daktari wake kama inapatikana.

Kinachopatikana bure ni chanjo zinazokinga mtoto na vimelea vya nimonia, ugonjwa wa mapafu ambao mara nyingi unafuata gripe. Zinatolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya surua inaanza kwenye miezi tisa, na surua pia inashambulia mapafu. Kwa familia zilizokimbia vita, karti ya chanjo iliyopotea si sababu ya kubaki nyumbani: muuguzi ataangalia umri wa mtoto na kuendelea.

Nyumbani, mtoto asilale penye moshi wa makala au kuni. Mwenye kikohozi afunike mdomo kwa kiwiko na kunawa mikono kwa sabuni. Mtoto mchanga aendelee kunyonya, hata akiwa na mafua. Antibiotiki za kununua bila kupimwa haziui virusi vya gripe.

Mzazi anaweza pia kuhesabu pumzi kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, ama 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni hatari. Vivyo hivyo kifua kinachobonyea ndani akivuta pumzi, kukataa kunyonya, au degedege. Hapo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na apimwe malaria pia, hata kama kikohozi ndicho kinachosikika zaidi.