Kompyuta 13 na Mwizi Aliyekwisha Ingia

Kila mchezo huanza mwizi akiwa keshaingia. Ameikalia kompyuta ya mfanyakazi iitwayo User0, na kanuni hazimruhusu mlinzi kumng'oa hapo. Kazi ya mlinzi ni kuhakikisha mgeni huyo hafiki chumba cha ndani kabisa, iliko seva inayoendesha shughuli za kiwanda.

Kiwanda chenyewe hakipo. Ni mtandao wa kuigiza wenye kompyuta 13, uliojengwa ndani ya programu iitwayo CybORG, kazi ya watafiti wa sayansi ya ulinzi wa Australia. Mwaka 2022 mtandao huo ulitumika katika shindano la pili la CAGE, lililoandaliwa chini ya ushirikiano wa kiulinzi wa Australia, Kanada, Marekani, New Zealand na Uingereza. Washindani walileta programu za akili unde zilizojifunza kulinda kwa kucheza, kushindwa, kukatwa alama na kuanza upya.

Anayejifunza kwa kujaribu hukosea kwanza, tena hukosea mno. Huzima seva isiyo na hatia huku mwizi akitamba chumba cha pili. Hakuna hospitali wala benki itakayokubali mtandao wake uvurugwe mara maelfu ili mwanafunzi aelimike. Kwenye mtandao wa kuigiza, mchezo wa hatua 100 huisha upesi, ubao ukafutwa, ukaanza mwingine.

Tuusogelee mchezo wenyewe. Mwizi anapapasa kompyuta za jirani, anakuta mlango ulio wazi, anaingia kama mtumiaji wa kawaida, kisha anajipandisha cheo hadi kuwa msimamizi mkuu. Hapo anazipata anwani za seva za ofisi, na mbinu ni zile zile. Katika kila hatua mlinzi naye ana tendo moja tu. Anaweza kuchunguza kompyuta, kuondoa programu hasidi, kuirejesha kompyuta nzima katika hali yake safi, au kutega chambo: huduma bandia iliyofanana na ya kweli. Mwizi akiivamia anaambulia patupu, na papo hapo amejianika.

Utamu wote, kwangu, uko kwenye bei. Mwizi akishika usimamizi wa kompyuta ya mfanyakazi, mlinzi hukatwa alama 0.1 kila hatua. Akishika seva, hukatwa 1. Akifaulu kuivuruga ile seva ya ndani, hukatwa 10. Lakini hata kurejesha kompyuta kunakatwa 1, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akiifanyia kazi na sasa amekatizwa. Hakuna alama za kuongezwa. Sifuri ndiyo kilele. Piga hesabu: kuirejesha kompyuta ya mfanyakazi kunagharimu sawa na kuiacha mikononi mwa mwizi kwa hatua 10. Zikibaki hatua 5, na mwizi hana njia ya kusonga mbele, mlinzi anayejua hesabu atamwacha akae. Amefuata bei alizopewa. Angepewa nyingine, angekuwa mlinzi mwingine kabisa, na bei hizo zilipangwa na watu, mezani, kabla yeye hajacheza hata hatua moja. Ningependa kila anayetaka kununua ulinzi wa namna hii aombe kwanza kuonyeshwa jedwali la bei hizo.

Halafu kuna mwizi. Shindano lilikuwa na wavamizi wa aina mbili: mmoja anaijua ramani na huenda moja kwa moja kwenye seva anayoitaka, mwingine hutangatanga akiteka kila kompyuta inayokuja mbele yake. Timu ya Chuo Kikuu cha Cardiff, iliyoibuka kidedea, ilifunza walinzi wawili, kila mmoja na mwizi wake, kisha ikaweka mwamuzi wa kutambua katika hatua chache za mwanzo ni nani aliyeingia. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Ila huku nje wezi hawajakubaliana kuwa wa aina mbili.

CybORG ilibuniwa pia ili mlinzi yule yule aweze kuhamishiwa kwenye mashine pepe zenye mifumo halisi. Huko mambo huenda polepole, kwani kompyuta inayorejeshwa inarejeshwa kwelikweli, na mtu hawezi kucheza michezo maelfu kwa wepesi ule ule. Hapo ndipo ningependa kuona jasho likimwagika zaidi. Katika mchezo, ulimwengu wote wa mlinzi ni mfululizo wa tarakimu 52 za sifuri na moja, nne kwa kila kompyuta, zinazomwambia kama imepapaswa na kama imevamiwa kwa kiwango gani. Ofisi ya kweli ina mtu aliyesahau nywila mara tatu, na fundi anayechomeka kompyuta mpya Ijumaa jioni bila kumwambia yeyote. Kompyuta hiyo ya 14, katika zile tarakimu 52, haina hata pa kuandikwa.