Uwanja wa mashindano: Mwenye mtaji Pemba asome ramani kwanza

CHAKE CHAKE – Kuanzia tarehe 3 hadi 13 Januari 2025, Uwanja wa Gombani ulipokea Kombe la Mapinduzi lililochezwa na timu za taifa badala ya vilabu. Burkina Faso, Kenya na Tanzania Bara zilivuka bahari kuja Pemba, na siku ya mwisho Zanzibar ikaifunga Burkina Faso mabao 2-1. Kwa mpenzi wa soka habari iliishia kwenye kombe. Kwa wenye maduka, nyumba za wageni na gari za abiria ndiyo kwanza ilianza. Uwanja wa mashindano ya kimataifa unapojengwa au kukarabatiwa, fedha huingia kwa mlango gani na kutokea kwa mlango gani?

Swali hilo limezidi uzito tangu Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Uwanja ukitajwa tu, bei ya ardhi ya jirani hupanda midomoni mwa watu kabla haijapanda sokoni. Mwenye mtaji mdogo anahitaji kujua uwanja unavyochorwa, kwa sababu faida na hasara yake imo ndani ya mchoro huo.

Msanifu haanzi na paa. Huanza na jicho la mtazamaji. Eneo la kuchezea lina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, na hilo halibadiliki. Kila safu ya viti lazima inyanyuliwe kiasi cha mstari wa macho kupita juu ya kichwa cha aliyekaa mbele. Kipimo kinachopendwa ni milimita 90 juu ya kichwa hicho. Kikishuka chini ya 60 watu husimama, na wa nyuma yao nao husimama. Ndiyo maana safu za juu huwa na mwinuko mkali zaidi. Kadiri zinavyopanda ndivyo zege na nondo zinavyoongezeka kwa kila kiti. Kwa hiyo kiti cha safu ya 40 kina gharama kubwa kuliko cha safu ya 5, ilhali tiketi yake ndiyo ya bei nafuu. Hakuna biashara nyingine mjini inayokubali hesabu ya namna hiyo.

Uwanja mpya wa Arusha unaipa hesabu hiyo sura. Mkataba wake uliotiwa saini mwaka 2024 ulikuwa wa takriban Sh bilioni 286 kwa watazamaji 30,000. Gawanya, utapata kama Sh milioni 9.5 kwa kiti kimoja. Tiketi ikiuzwa Sh 5,000, kiti hicho kitahitaji kukaliwa mara 1,900 ili kurudisha gharama ya ujenzi peke yake, bila umeme, maji wala mishahara. Kikijaa mara 20 kwa mwaka, hiyo ni miaka 95.

Kwa maneno mengine, mlango wa uwanja haulipi uwanja. Amaan ya Unguja ilijengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, na uwanja wa taifa wa Dar es Salaam, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa, ulifunguliwa mwaka 2007 pia kwa msaada wa nchi hiyo. Kenya imepita njia nyingine. Kwa ajili ya Uwanja wa Talanta wa watazamaji 60,000 jijini Nairobi, Julai 2025 iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi hatifungani ya Sh bilioni 44.79 za Kenya, yenye faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka. Asilimia hiyo inatamanisha, lakini mnunuzi wa karatasi kama hiyo hana budi kuuliza analipwa na nani. Kama jibu ni tiketi, hesabu ya hapo juu inatosha kumrudisha nyumbani. Kama ni mfuko au hazina ya Serikali, basi amenunua deni la Serikali lililovaa jezi. Kwa wasomaji wa Pemba wasiotaka kabisa kugusa riba, Zanzibar ilizindua Sukuk yake mwaka 2025, na swali la kuuliza ni lile lile.

Ukubwa nao una masharti yake. Kwa fainali za timu 24, CAF hutaka viwanja sita: viwili vya watazamaji wasiopungua 40,000, viwili vya 20,000 na viwili vya 15,000. Ukitazama idadi hiyo pekee, mji mdogo unaweza kujiona umo. Kinachowatoa wengi ni yale yasiyo majukwaa: taa za usiku, vyumba vya wachezaji, chumba cha kupima dawa zilizokatazwa, sehemu ya kamera na waandishi, viwanja vya mazoezi, hospitali ya karibu, hoteli na uwanja wa ndege. Unguja ilikarabati Amaan mwaka 2023 kwa mkandarasi wa Uturuki, Orkun, na Agosti 2025 ikapokea mechi za CHAN. Uwanja wa Zanzibar kwa ajili ya 2027 nao umeelekezwa Fumba, Unguja. Anayenunua ardhi Gombani kwa jina la AFCON ananunua tumaini. Anayeinunua kwa hesabu ya Kombe la Mapinduzi na ligi walau ana kitu cha kupimia.

Kwa waliowahi kutazama Kombe la Dunia la Qatar la 2022, viwanja vitatu vya huko vinaeleweka kwa haraka na mtu wa pwani. Al Janoub ulichorwa kwa kufuata matanga ya jahazi. Al Thumama una umbo la kofia ya kufuma wanayovaa wanaume wa Kiarabu. Wa tatu, uitwao 974, ndio wa kumfikirisha mfanyabiashara. Uliundwa kwa makontena 974 ya melini, namba ambayo pia ni ya simu za nchi hiyo, yakapachikwa kwenye fremu ya chuma ili mashindano yakiisha ubomoleke na vipande vitumike kwingine. Haukubomolewa upesi kama ilivyotangazwa, na mwaka 2024 ulichezewa tena. Hata hivyo wazo lake linafaa visiwani: majukwaa ya kudumu kwa watazamaji wa kila wiki, na ya kupachika kwa wale wa siku kumi.

Sasa upande wa ujenzi. Saruji, nondo, mabati na vifaa vya umeme huingia Pemba kwa vyombo vya baharini, na mkandarasi mkubwa huagiza mwenyewe kwa jumla. Duka la vifaa la Chake huambulia misumari, rangi na vile vilivyosahauliwa. Kinachobaki kisiwani ni kokoto, mchanga, ambao uchimbaji wake unadhibitiwa na Serikali, pamoja na usafiri, vyumba vya mafundi na chakula chao. Mama lishe mwenye wateja mafundi 60 kwa miezi minane anaweza kupata faida ya uhakika kuliko mwenye duka aliyejaza ghala akisubiri oda.

Baada ya ujenzi huja matengenezo, na hapa Pemba iko tofauti na Arusha. Hewa ya chumvi na mvua za masika hula chuma cha paa na nguzo za taa. Kupiga rangi, kuziba nyufa na kubadili viti vilivyopauka kwa jua ni kazi ndogo zinazojirudia, na ndizo zinazoweza kushikwa na mafundi wa hapa.

Kuhusu biashara ya siku ya mechi, saa ndiyo inayoamua. Mapumziko ni dakika 15. Kibanda kinachomhudumia mteja mmoja kwa nusu dakika kitawauzia watu 30, basi. Vibanda kumi, watu 300. Mpira ukiisha, viwanja vya kisasa huchorwa ili watu wawe wametoka ndani ya dakika nane, hivyo milango husambazwa pande zote na hakuna anayesimama kununua. Fedha nyingi zimo katika saa mbili kabla ya mchezo, nje ya geti.

Hapo ndipo ramani inapomgusa mpangaji. Nafasi iliyo chini ya jukwaa inaweza kugawanywa kuwa fremu zinazotazama barabara au zinazotazama ndani. Fremu ya barabarani itauza simu, dawa na vitambaa Jumatatu hadi Jumapili, mechi iwepo isiwepo. Ile ya ndani hufunguliwa geti linapofunguliwa, na mwisho wa mwezi itadaiwa kodi ya siku 30 kwa siku mbili za biashara.