Usipoziba Ufa: Fedha za Umma na Uhai wa Taasisi za Utamaduni Wakati wa Maafa

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil, mjini Rio de Janeiro, yaliteketea kwa moto. Taasisi hiyo ilianzishwa na Mfalme João VI mwaka 1818, na ilikuwa imetoka kuadhimisha miaka 200. Ndani yake mlikuwa na vitu vipatavyo milioni 20: mifupa ya kale, wadudu na mimea iliyokaushwa, vyombo vya makabila ya asili, na kanda za sauti za lugha ambazo nyingine hazina tena hata mzungumzaji mmoja. Askari wa zimamoto walipofika walikuta mabomba ya jirani hayana maji ya kutosha, ikabidi wategemee maji ya malori na ya bwawa lililo karibu.

Lakini jambo linalouma zaidi katika habari hii ni la karatasi. Mwezi Juni 2018, miezi mitatu kabla ya moto, benki ya maendeleo ya serikali ya Brazil, BNDES, ilikuwa imetia saini mkataba wa kuyapatia makumbusho hayo reais milioni 21.7 za ukarabati. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kujikinga na moto. Moto ulipotokea, fedha zilikuwa bado hazijatolewa. Uchunguzi wa polisi ulionyesha baadaye kwamba chanzo kilikuwa kiyoyozi katika ukumbi wa mikutano wa chini. Baada ya hapo serikali na wahisani walilazimika kutafuta mamia ya mamilioni ya reais ili kujenga upya, na sehemu kubwa ya vilivyoungua haijengeki kwa fedha yoyote.

Mpendwa msomaji, makala hii inaeleza jinsi fedha za umma, yaani fedha za walipa kodi, zinavyotumika kuziokoa taasisi za utamaduni wakati wa maafa na kuziandaa kabla ya maafa. Inaeleza pia kwa nini msaada wa kabla ya maafa ndio mdogo zaidi, na ni taasisi za namna gani hufaulu kuupata msaada wowote.

Taasisi ya utamaduni ni nini, na maafa huiua vipi?

Tunaposema taasisi za utamaduni tunamaanisha makumbusho, maktaba, hifadhi za nyaraka, majengo ya kihistoria, vikundi vya ngoma na maigizo, kwaya, bendi na vyuo vya sanaa. Nyingi haziendeshwi kwa faida. Huishi kwa viingilio, michango na ruzuku kidogo, na mara nyingi hazina akiba ya kuzifikisha hata miezi mitatu.

Kwa sababu hiyo maafa huziua kwa njia mbili. Njia ya kwanza inaonekana kwa macho: moto, mafuriko, tetemeko au jengo kuporomoka. Njia ya pili haina moshi. Milango inafungwa, kiingilio kinakoma, mishahara inakosekana, na wale waliojua kazi wanatawanyika. Janga la korona la mwaka 2020 liliua kwa njia hii ya pili. Hakuna ukuta ulioanguka, lakini kumbi za muziki na makumbusho duniani kote zilifungwa kwa wakati mmoja. Mtu aliyejifunza kwa miaka 20 kurekebisha vitabu vya kale akienda kuuza duka, ujuzi wake unaondoka naye.

Aina tatu za msaada wa umma

Aina ya kwanza ni fedha za kunusuru. Hizi hulipa mishahara, pango na umeme ili taasisi isife wakati haina mapato. Mwezi Julai 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza mfuko wa pauni bilioni 1.57 kwa ajili ya makumbusho, kumbi za maonyesho, muziki na majengo ya kihistoria, yakiwemo makanisa makuu. Marekani, kwa sheria ya dharura ya Machi 2020, ilitoa dola milioni 75 kwa mfuko wa taifa wa sanaa na dola nyingine milioni 75 kwa mfuko wa taifa wa elimu ya utu, ambao husaidia maktaba, makumbusho na utafiti wa historia.

Aina ya pili ni fedha za kujenga upya. Mfano unaofahamika na wengi ni Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris, lililoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Kwa sheria ya Ufaransa ya mwaka 1905, jengo hilo ni mali ya serikali, na Kanisa hulitumia kwa ibada. Hata hivyo gharama za ujenzi zilibebwa zaidi na michango: watu na makampuni wapatao 340,000 kutoka nchi 150 walitoa karibu euro milioni 846. Tuseme ukweli, kanisa la kigango au jumba dogo la makumbusho likiungua, hakuna watu 340,000 watakaolichangia. Ndiyo maana taasisi ndogo zinahitaji utaratibu wa umma kuliko zile maarufu.

Marekani ina utaratibu wa namna hiyo. Rais akitangaza maafa makubwa, serikali kuu hulipa kwa kawaida angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za kurekebisha majengo ya umma na ya taasisi fulani zisizo za faida, makumbusho yakiwemo. Kiasi kilicholipwa na bima hupunguzwa. Nyumba za ibada zilikuwa zimewekwa nje ya utaratibu huo kwa muda mrefu. Baada ya kimbunga Harvey cha mwaka 2017 kuharibu makanisa huko Texas, baadhi yalikwenda mahakamani, na mwaka 2018 kanuni ilibadilishwa, kisha sheria ikathibitisha kwamba nyumba za ibada nazo zinaweza kuomba.

Aina ya tatu ni fedha za kujiandaa: kubadilisha nyaya za umeme, kuweka ving'amuzi vya moshi, kuinua makabati juu ya sakafu, kunakili kumbukumbu, kufundisha wafanyakazi. Kwa miaka mingi ule mfuko wa elimu ya utu wa Marekani ulitoa ruzuku ndogo, isiyozidi dola 10,000, kwa taasisi ndogo zilizotaka kukagua hali ya mkusanyo wao au kuandika mpango wa dharura. Kwa makumbusho ya wilaya, fedha hizo zinatosha kubadili mambo.

Kanisa Kuu la Nantes, Ufaransa, linaonyesha thamani ya aina hii ya tatu. Paa lake liliungua mwaka 1972, na mbao za paa zikarudishiwa kwa zege. Mwezi Julai 2020 moto uliwashwa tena ndani ya kanisa hilo. Kinanda kikubwa cha karne ya 17, kilichokuwa kimeponea Mapinduzi ya Ufaransa na moto wa 1972, kiliteketea, na hilo ni pigo kubwa. Lakini paa halikushika moto na kanisa lilibaki limesimama.

Kwa nini fedha za kujiandaa ni chache?

Sababu ya kwanza ni kwamba maafa yaliyozuiwa hayaonekani. Waziri anayezindua jengo jipya hupigwa picha. Anayeidhinisha nyaya mpya za umeme hapigwi, na moto ambao haukutokea hauandikwi gazetini.

Sababu ya pili ni mwaka wa bajeti. Fedha za umma hupangwa kwa miezi 12, na ufa wa ukuta unaweza kungoja miaka kumi kabla haujaangusha nyumba. Kila mwaka ufa huo unapitwa na jambo lenye kelele zaidi.

Sababu ya tatu ni swali la haki, na tusilikwepe. Mzazi ambaye mtoto wake anakaa chini darasani, au mgonjwa asiyepata dawa, anaweza kuuliza: kwa nini kodi yangu iende kwenye fuvu la kale au ngoma ya asili? Uhai wa mtu hutangulia, na hakuna Mkristo anayeweza kusema vinginevyo. Lakini swali hilo linaelekea hasa fedha za kujenga upya, ambazo ndizo kubwa. Anayejali hospitali ana sababu ya kutaka fedha kidogo zitumike mapema, kwa maana jengo likishaanguka, taifa huombwa mara nyingi zaidi. Tena watu hawaishi kwa mkate tu. Jamii iliyopoteza makaburi yake, nyimbo zake na vitabu vyake vya kumbukumbu husimama kwa shida hata ikishalishwa. Yosefu aliyekuwa mtumwa Misri aliokoa nchi kwa sababu alitenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Ingekuwa miaka ya njaa imeshaanza, hekima yake isingekuwa na cha kuhifadhi.

Mifano miwili ya kwetu

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Bahari ilipokuwa ikila ufukwe na kuta zikibomoka, mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Serikali ya Tanzania, pamoja na wafadhili wa nje, iliimarisha kuta, ikaweka vizuizi vya mawimbi, na wenyeji walishirikishwa katika kazi, ikiwemo kupanda mikoko. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kazi ilifanyika magofu yakiwa bado yamesimama.

Mfano wa pili unasikitisha. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilikuwa makumbusho yaliyopendwa na wengi. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Fedha za ukarabati mkubwa zilipatikana kutoka Oman na kazi ikaanza, lakini tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, upande wa mbele wa jumba uliporomoka na watu wawili walifariki. Kati ya ishara ya kwanza na msiba ilipita miaka minane.

Nani hupata fedha hizi?

Hapa ndipo somo lenyewe linapotugusa. Katika mwaka 2020 mfuko wa sanaa wa Marekani, ili kutoa fedha haraka, uliruhusu maombi ya moja kwa moja kutoka kwa taasisi zilizokuwa zimepata ruzuku yake katika miaka minne iliyotangulia. Uingereza nayo iliwataka waombaji waonyeshe kwamba hesabu zao zilikuwa nzuri kabla ya janga. Watoaji wa fedha za umma wana wajibu wa kulinda kodi ya watu, kwa hiyo huangalia karatasi. Kikundi cha ngoma kilichofundisha vijana kwa miaka 30 bila usajili, bila akaunti ya benki na bila kitabu cha mapato, siku ya maafa hakionekani kwenye meza ya mtoaji. Mara nyingi hicho ndicho chenye shida kubwa kuliko vyote.

Mambo manne huulizwa karibu kila mahali: usajili halali, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya mali yenye maelezo na thamani, na mpango wa dharura unaosema nani afanye nini. Orodha ndiyo husahaulika zaidi. Bila orodha huwezi kudai bima, huwezi kueleza hasara, na polisi hawawezi kutafuta kilichoibwa.

Kwa Kanisa, jambo hili si geni. Kanuni ya 1283 ya Sheria za Kanisa inadai orodha kamili ya mali zisizohamishika, na ya vitu vya thamani au vyenye umuhimu wa kiutamaduni, nakala moja ikae ofisini kwa msimamizi na nyingine jimboni. Kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi azuie mali zisipotee wala kuharibika, na akate bima inapohitajika. Kanuni ya 491 inataka nyaraka za parokia zitunzwe kwa bidii, na orodha zake ziwe katika nakala mbili. Walioandika kanuni hizo walijua kwamba nakala inayokaa kwenye kabati lilelile na kitabu chenyewe huungua pamoja nacho.

Ndugu mafrateri, baadhi yenu mtakuwa maparoko wa parokia zenye vitabu vya ubatizo vya zaidi ya miaka 100, na pengine nyimbo za kwaya zilizoandikwa kwa mkono ambazo hazijachapwa popote. Hamtahitaji kungoja ruzuku ili kuanza. Vitabu vinaweza kupigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na picha zikahifadhiwa jimboni. Kabati linaweza kuhamishwa kutoka chini ya paa linalovuja. Fundi mwenye leseni anaweza kukagua nyaya za sakristia. Ninyi waamini mlio katika kamati za fedha mnaweza kuuliza orodha ya mali ilihuishwa lini.

Kisha yako yanayohusu uraia wetu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Kamati hizo zinapopanga, ni kawaida kukumbuka zahanati, shule na maghala ya chakula. Ni haki ya mwananchi kuuliza pia kuhusu makumbusho ya wilaya, maktaba, na jengo la kale ambalo watoto hupelekwa kujifunza. Aulize mapema, bajeti ikiwa bado inaandaliwa, na aende na orodha mkononi.