Mwethya na Mabwawa ya Mchanga ya Ukambani

Mwethya ni kikundi cha kazi cha Wakamba wa Kenya: majirani na jamaa wanaokusanyika kumlimia, kumvunia au kumjengea mmoja wao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hapo kale kilikuwa cha muda tu. Mwenye kazi aliwaita watu, akawaandalia chakula, na kazi ilipokwisha kila mtu alirudi kwake. Deni lililobaki lililipwa kwa jasho, si kwa fedha. Katika karne ya 20 kikundi hicho kilipata sura ya kudumu, kikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Matuta mengi ya Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui, pamoja na mabwawa ya mchanga yanayowanywesha watu na mifugo huko, ni kazi ya vikundi vya namna hii.

Mageuzi hayo yalipitia machungu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona vilima vya Machakos vimechunwa udongo, ikalaumu wingi wa ng'ombe na kuanza kuwauza kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga. Uuzaji wa lazima ukasitishwa, ingawa Muindi Mbingu mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilifuata kazi ya kuchimba matuta, nayo ikaanza kwa shuruti: watu, wengi wao wanawake, waliitwa na machifu kwenda kuchimba, wapende wasipende. Matuta yakachimbwa na kuchukiwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mengi yaliachwa yabomoke kwa kuwa yaliwakumbusha watu kazi ya kulazimishwa.

Ajabu ni kwamba kufikia miaka ya 1970 watu wale wale walikuwa wakiyachimba tena kwa hiari. Ardhi haikuwa imebadilika, wala majembe. Kilichobadilika ni mamlaka ya kuamua. Kikundi kilichagua viongozi wake, kikapanga shamba la nani litangulie, na kila mwanachama alijua kwamba zamu yake itafika. Mtindo uliopendwa ni ule wa fanya juu: udongo unaotoka mtaroni hutupwa upande wa juu wa mteremko, nao hujenga ukingo unaozuia maji na rutuba visiteremke. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao kwamba tangu miaka ya 1930 idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Bwawa la mchanga linadai mshikamano mkubwa zaidi, kwa sababu si mali ya shamba moja. Mito mingi ya Ukambani hutiririka wakati wa mvua tu, za vuli na za masika, kisha hukauka. Ukuta wa mawe na saruji ukijengwa kukatiza mto kama huo, mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma yake, pengine kwa msimu mmoja, pengine kwa misimu kadhaa. Maji hujificha kati ya chembe za mchanga na huweza kufikia robo hadi theluthi ya ujazo wake. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawapati pa kuzalia, na mchanga wenyewe huyachuja. Watu huyateka kwa kufukua, kwa kisima kilichochimbwa kando, au kwa bomba lililopitishwa ukutani.

Ujenzi huanza kwa kutafuta mahali ambapo mwamba uko karibu. Wanaojua sehemu ambayo mchanga hubaki na unyevu hata kiangazi kikikaza ni wale walioteka maji hapo miaka yote, yaani wanawake. Mhandisi asiyewauliza anajipunguzia maarifa bure. Halafu hufuata kazi ya sururu, koleo na karai: kuchimba hadi kwenye mwamba, kuchota maji, kurundika mawe na mchanga. Saruji, nondo na ujira wa fundi mara nyingi hutoka kwa mfadhili, lakini mikono ni ya wanachama. Mahudhurio huandikwa, na asiyefika bila sababu hutozwa faini. Ukuta usipokita kwenye mwamba na mabawa yake yasipoingia vizuri kingoni, maji huuzunguka na kuuacha umesimama pakavu. Mashamba ya juu yasipopigwa matuta, bwawa hujaa tope, na tope haliachii maji kama mchanga. Ndiyo maana kikundi kilichokwisha kuchimba matuta pamoja hufaulu kuliko kile kilichoundwa haraka baada ya kusikia kuna saruji ya bure. Kikundi cha Utooni, kilichoanza Machakos mwaka 1978, kilikua kwa njia hiyo ya kazi kuzaa kazi.

Ushirikiano wa namna nyingine, harambee ya kitaifa, yaani kuchangia maendeleo kwa pamoja, aliyoihimiza Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, tangu uhuru, ilijenga shule na zahanati nyingi, lakini baadaye mikutano yake iligeuka jukwaa la wanasiasa kushindana kwa michango. Mwethya umeepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa kuwa mchango wake ni kazi, na kazi ya mtu huonwa na jirani yake.

Tishio la sasa ni lori. Mchanga unaohifadhi maji ndio unaotakiwa na wajenzi mijini, na usiku mmoja wa kuuzoa huharibu akiba ya misimu mingi. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kusimamia mchanga mwaka 2015. Hata hivyo askari hawawezi kukesha kwenye kila mto. Ulinzi wa kila siku unabaki kwa wanakikundi wanaoishi ukingoni, ambao pia huamua mifugo inyweshwe wapi, nguo zifuliwe umbali gani na kisima, na ufa wa ukuta uzibwe lini.